Mjukuu wa Frankenstein na kicheko kinachochelewa

Young Frankenstein, filamu ya dhihaka ya mwaka 1974, humchosha kijana na kumnasa mtu mzima. Sababu iko ndani ya filamu yenyewe.

Daktari kijana anafundisha katika chuo cha tiba nchini Marekani. Mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono na kumuuliza kuhusu babu yake, yule mtu wa Transylvania aliyefukua makaburi ili aunde kiumbe hai kutokana na maiti. Daktari hataki mazungumzo hayo. Anaanza kwa kusahihisha jina: yeye si Frankenstein, hulitamka kwa namna aliyoitunga mwenyewe ili lisifanane na la marehemu. Mwanafunzi anang'ang'ania. Daktari anapandwa na hasira, anafoka kwamba kazi ya babu yake ilikuwa upuuzi mtupu, na katika kusisitiza anajichoma paja kwa kisu cha upasuaji alichokuwa amekishika. Anatulia kidogo, anapandisha mguu mmoja juu ya mwingine kuficha kisu, kisha anawaruhusu wanafunzi kwa sauti ya mtu ambaye hajapatwa na lolote.

Tukio hilo limo katika dakika za mwanzo za Young Frankenstein, iliyoongozwa na Mel Brooks na kuandikwa na yeye pamoja na Gene Wilder, ambaye ndiye huyo daktari, Frederick. Ilianza kuonyeshwa Desemba 1974. Mtoto wa darasa la sita akiiona atacheka kile kisu, na ana haki, maana kinachekesha. Lakini baada ya hapo kuna saa nzima na ushee ya picha nyeusi na nyeupe, ngazi ndefu za mawe, farasi wanaolia kila anapotajwa mama mtunza kasri, na mizaha inayosubiri mtu ajue jambo ambalo filamu haimwambii. Mtoto huchoka. Mtu huyohuyo akiirudia akiwa na miaka arobaini na kitu hugundua kwamba alichokiona zamani hakikufika hata nusu ya kilichomo. Hoja ya makala hii ni kwamba ucheleweshaji huo umo katika ujenzi wa filamu. Ilitengenezwa na watu wazima waliorudi kwenye kitu kilichowatisha utotoni, na kisa chake kinamhusu mtu aliyerithi asichokitaka. Yote mawili yanadai mtazamaji aliyeishi kidogo.

Deni kwa filamu tatu

Tuanze na kinachodhihakiwa. Riwaya ya Mary Shelley ilitoka London mwaka 1818, lakini Brooks na Wilder hawakuwa na shughuli kubwa na riwaya. Ndani yake hamna kasri lenye mitambo na radi, hamna msaidizi mwenye kibyongo, hamna wanakijiji wenye mienge. Hayo yaliletwa na jukwaa na sinema, hasa Frankenstein ya James Whale ya mwaka 1931 kutoka studio za Universal, ambamo Boris Karloff alitengenezewa kichwa bapa na fundi wa mekapu Jack Pierce. Ikafuata Bride of Frankenstein mwaka 1935, ya Whale vilevile, halafu Son of Frankenstein mwaka 1939, ya Rowland V. Lee. Dhihaka ya 1974 imekopa kwa zote tatu, na mkopo mkubwa kabisa umetoka kwa hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo isiyokumbukwa sana. Humo ndimo alimo mrithi anayefika kwa treni huku akilalamikia jinsi jina la ukoo lilivyochafuliwa, na humo ndimo alimo inspekta mwenye mkono wa mbao. Jina la Igor limetoka humo pia, ingawa Ygor aliyeigizwa na Bela Lugosi hakuwa na kibyongo. Alikuwa na shingo iliyovunjwa na kitanzi. Kibyongo kilikuwa cha Fritz, msaidizi wa 1931. Marty Feldman alichukua jina la mmoja na mgongo wa mwingine, akamtia nguvu mtu ambaye wengi wako tayari kuapa kwamba wamemwona pamoja na Karloff.

Watazamaji wa Marekani wa 1974 hawakuhitaji maelezo hayo. Mwaka 1957 filamu 52 za kutisha na za mashaka kutoka Universal ziliuzwa kwa vituo vya televisheni kwa mkupuo mmoja, chini ya jina Shock, na watoto wa miaka hiyo wakakua wakizitazama usiku. Ndiyo maana Young Frankenstein haikusubiri miaka ili ipendwe: iligharimu chini ya dola milioni 3 na kuingiza zaidi ya milioni 80, kwa kuwa waliokata tiketi walikuwa wameshapitia shule yake sebuleni kwao. Brooks mwenyewe aliwatangulia. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1926, akaiona ya Karloff akiwa mdogo sana, na amesimulia jinsi alivyomsihi mama yake afunge dirisha usiku wa joto ili jitu lisiingie. Dhihaka yake ilipotoka alikuwa na miaka 48. Wilder alikuwa na 41. Mtu wa umri huo anaweza kulicheka dirisha lile, ila jasho la usiku ule bado analikumbuka.

Mashine zilezile

Kumbukumbu hiyo inaonekana kwenye ufundi. Brooks alitaka picha nyeusi na nyeupe. Columbia walikataa, naye akaihamishia kazi 20th Century Fox, kwa Alan Ladd Jr. Mpigapicha Gerald Hirschfeld alipanga taa kwa mtindo wa miaka ya 1930, vivuli vikitambaa ukutani na mwanga ukitokea nyuma ya nywele za waigizaji. Baadhi ya matukio humalizika kwa duara jeusi linaloikaba picha hadi itoweke, kama zamani. Na vile vyombo vya maabara vinavyotema cheche havikuigizwa kwa mabati: Kenneth Strickfaden, aliyevitengeneza kwa ajili ya filamu ya 1931, alikuwa bado anavyo Los Angeles, akavitoa vifanye kazi tena, na safari hii jina lake likaonyeshwa kwenye skrini. Kwa asiyejua, ni mitambo ya ajabu tu. Ajuaye anaona kwamba mtu aliyetaka dhihaka ya bei rahisi asingejisumbua kwenda kubisha hodi kwa mzee na kuomba mashine za kweli. Hata muziki wa John Morris haukonyezi jicho. Wimbo wake mkuu ni wa fidla, wa kubembeleza, wenye huzuni halisi, na katika kisa ndio unaolituliza jitu.

Kanuni ya kukichukulia kwa uzito kinachodhihakiwa ilikuwapo kabla ya Brooks. Mwaka 1948, katika Abbott and Costello Meet Frankenstein, Lugosi alirudi kuwa Dracula, Lon Chaney Jr. akawa mtu anayegeuka mbwamwitu na Glenn Strange akawa jitu, na wote watatu walicheza kwa uzito uleule wa filamu za kutisha. Vichekesho waliachiwa wawili wenye majina yao kwenye tangazo. Kila mtu ndani ya filamu akishajua kwamba yuko kwenye mzaha, hofu hufa, na kicheko kinakosa pa kuegemea.

*Aliyetaka dhihaka ya bei rahisi asingekwenda kubisha hodi kwa mzee kuomba mashine za kweli.*

Babu hutaniwa, baba hataniwi

Desturi zetu za utani zinaifungua filamu hii vizuri kuliko nadharia nyingi za sinema. Katika jamii nyingi za Tanzania, babu na mjukuu ni watani. Mjukuu humwambia babu maneno ambayo akimwambia baba yake atatimuliwa nyumbani; bibi huitwa mke, babu huitwa mume mwenza, na hakuna anayenuna. Baba na mwana hawana ruhusa hiyo, kwa kuwa kati yao kuna mali, amri na magomvi ya kweli. Sasa hesabu vizazi. Filamu ya 1939 inamhusu mtoto wa Frankenstein, na ni nzito: Basil Rathbone anatembea ndani ya nyumba ya baba yake kama mtu aliyekabidhiwa kesi. Wazo la Wilder, lililoanzisha kazi yote, lilikuwa kuruka kizazi kimoja na kumweka mjukuu, msomi asiyetaka kusikia habari za ukoo. Wilder na Brooks, Wayahudi wa Marekani, hawakuwa na habari na utani wa kwetu. Hata hivyo waliangukia palepale: walipopata umbali wa mjukuu, waliweza kumcheka mzee bila kumvunjia heshima.

Tazama kituo cha treni huko Transylvania, Frederick anapokwenda kwenye kasri la babu yake alilorithi. Ni usiku, ukungu umetanda, Frederick anashuka na Igor anampokea. Igor anamweleza kwamba babu yake alimfanyia kazi babu wa daktari, na kwamba malipo, bila shaka, yamepanda. Kumbe wamekutana wajukuu wawili. Daktari anasahihisha matamshi ya jina lake. Igor anamkazia macho, anadhani anachezewa, na palepale naye anabadilisha matamshi ya jina lake mwenyewe. Daktari, kwa wema wa kitabibu, anadokeza kwamba angeweza kumsaidia kuhusu kibyongo. Igor anauliza: kibyongo gani? Ukilichukua jibu hilo peke yake ni mzaha juu ya ulemavu. Liweke kando ya lile la jina na utaona watu wawili waliobebeshwa mzigo wa ukoo, mzigo unaoonwa na kila mpita njia, na kila mmoja anakana kwamba anao. Feldman, kwa utundu wake, alikuwa akiihamisha nundu ile kutoka bega moja hadi jingine wakati wa upigaji picha bila kusema, mpaka wenzake wakamgundua. Utundu huo ukaingizwa ndani ya filamu, na ni mmoja wa mizaha ambayo mtu huikosa mara ya kwanza kwa kuwa anaitazama sura ya Feldman.

Mkondo huu unafika kileleni kwenye chumba kilichofungwa. Daktari aliyeiita kazi ya babu yake upuuzi ameirudia mwenyewe: jitu limeshaundwa, kwa ubongo usiofaa, na limeshamkaba. Frederick anaamua kuingia kwake peke yake, akiwaagiza walio nje wasifungue mlango hata akilia vipi. Jitu linaamka na kunguruma. Sekunde hazipiti nyingi, daktari yuko mlangoni akiomba afunguliwe, anadai alikuwa anatania, anatisha, anamwita mama yake. Nje wanatii agizo la kwanza. Hapo hana njia ila kugeuka, kulitazama jitu usoni na kuliambia kwamba ni zuri. Analisifu, anasema watu wanalichukia kwa wivu, na lile pande la mtu, Peter Boyle ndani ya viatu vizito, linaanza kulia. Daktari analipakata. Sauti ya Inga, msaidizi wake, inapouliza kutoka nje kama yuko salama, ikitumia lile jina la kujitungia, anajibu kwa ngurumo kwamba yeye ni Frankenstein, kwa matamshi ya babu.

Waliomtangulia mashuhuri hawakufanya hivyo. Wa Shelley alilikimbia jitu lake usiku uleule lilipofumbua macho. Wa 1931 alilifungia kwa minyororo na kumwachia Fritz alitese kwa mwenge. Huyu wa dhihaka anabaki chumbani, tena kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Kijana huona hapo mtu mwoga anayebadilika ghafla. Mzazi aliyewahi kufungiwa na kilio cha mtoto saa nane za usiku, akiahidi, akitisha, akibembeleza, anaona jambo analolijua hatua kwa hatua.

Supu ya moto

Mfano wa pili uko kwa kipofu. Katika filamu ya 1935, jitu linalowindwa linavutwa na sauti ya fidla hadi kibandani kwa mzee asiyeona. Mzee hamwogopi, kwa kuwa hamwoni. Anamshukuru Mungu kwa kumletea rafiki, anampa mkate, divai na sigara, anamfundisha maneno machache. Ni kati ya matukio yenye huruma zaidi katika filamu zote za Universal za aina hiyo. Mwaka 1974 kipofu ni Gene Hackman, ambaye alikwishapata tuzo ya Oscar kwa The French Connection na ambaye aliipata nafasi hii ndogo kwa urafiki wake na Wilder. Upole ni uleule, sala ni ileile. Ila supu inamiminwa mapajani mwa mgeni badala ya bakulini, kikombe kinapasuliwa kwa kugonganishwa kwa furaha, na kinachowashwa moto si sigara, ni kidole gumba cha jitu. Mgeni anatoka mbio akiunguruma, na mwenyeji, akiwa amebaki peke yake, anamwita arudi: alikuwa anataka kutengeneza kahawa.

Kinachochekesha zaidi si supu. Filamu ya 1935 iliamini kwamba nia njema inatosha, na kwamba ubaya unatoka nje, kwa wawindaji wanaoingia na bunduki. Brooks na Wilder wanaweka ubaya mikononi mwa mwenye nia njema. Anayelijua tukio la kwanza anacheka akiwa na huruma kwa wote wawili, na aliyewahi kumuuguza mgonjwa kwa wema mwingi na ustadi kidogo, au kuuguzwa hivyo, anacheka zaidi. Elimu ya sinema peke yake haimfikishi mtu hapo.

Wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni la zamani: mzaha unaohitaji maelezo si mzaha. Ni kweli, kama maelezo ndiyo yote yaliyomo. Scary Movie ya mwaka 2000, ya Keenen Ivory Wayans, iliingiza fedha nyingi na ilichekesha kweli, lakini sehemu kubwa ya vichekesho vyake inategemea mtazamaji akumbuke Scream ya 1996, The Matrix ya 1999, hata tangazo la bia lililovuma Marekani wakati huo. Tangazo likishasahaulika, kichekesho kinabaki watu wanaopiga kelele kwenye simu. Supu mapajani inachoma hata kwa asiyejua kitu, na ujuzi wa 1935 ukija baadaye unaongeza juu ya kicheko kilichokwishakuwapo. Kwa hiyo hakuna haja ya kufuata mpangilio wa miaka. Mtu anaweza kuanza na dhihaka, akaenda kwa Karloff na Whale, akarudi.

Pingamizi la pili linasema hii ni hamu ya utoto tu, watu wazima wakijipendekeza kwa ujana wao. Hamu hiyo ipo, lakini haitoshi kueleza jambo. Brooks mwenyewe alirudia mbinu hiyohiyo mwaka 1995 kwa Dracula: Dead and Loving It, akiwa na Leslie Nielsen, na filamu ile ilianguka kwenye kumbi na kwa wahakiki, ingawa Dracula anapendwa na watoto wa zamani sawasawa na Frankenstein. Ilikuwa ya rangi, na haikuwa na mjukuu; ilikuwa na mizaha tu. Zaidi ya hapo, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mtazamaji wa Tabora anayeipenda Young Frankenstein leo hana usiku wa Shock wa kuutamani. Ameifikia akiwa mtu mzima, mikono mitupu, na bado imemshika.

*Mtazamaji wa Tabora hana usiku wa Shock wa kuutamani. Bado filamu imemshika.*

Pingamizi la tatu ndilo zito, na halina jibu la kuridhisha. Jitu linamteka Elizabeth, mchumba wa daktari, na kumpeleka pangoni. Anakataa, kisha filamu inageuza kukataa kwake kuwa kichekesho, na baada ya muda mfupi anaimba kwa furaha. Utetezi wa kawaida ni kwamba tukio linadhihaki desturi ya filamu za miaka ya 1930 ya kulibebesha jitu mwanamke aliyevaa gauni jeupe, na kwamba Madeline Kahn anamfanya Elizabeth kuwa mtu mwenye maamuzi yake kuliko wote. Utetezi huo una ukweli nusu. Kahn anaibeba nafasi ile kwa ustadi, na zile nywele zenye michirizi myeupe anazotokea nazo baadaye, za Elsa Lanchester wa 1935, ni utani mzuri. Lakini kiini cha tukio kinategemea wazo kwamba hapana ya mwanamke ni ndiyo inayochelewa, na wazo hilo halikuwa zuri hata 1974. Umri unaomfungulia mtu chumba kilichofungwa na kibanda cha kipofu ndio huohuo unaomfanya asicheke hapa.

Wako pia wanaosema filamu hujisahau, na wanautaja ule wakati daktari na jitu lake wanapopanda jukwaani mbele ya wanasayansi wakiwa na kofia ndefu na makoti ya mkia, wakacheza na kuimba Puttin' on the Ritz ya Irving Berlin. Brooks alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Aliona wazo hilo litaivunja filamu. Wilder alilipigania mpaka akashinda. Wilder ndiye aliyekuwa sahihi. Mbele ya umati ule jitu linajitahidi kwa moyo wote kutamka maneno ya wimbo, taa ya jukwaani inalipuka, linaogopa moto, na watu waliokuwa wakishangilia wanaanza kulirushia mboga. Frederick alitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba kiumbe wake amestaarabika. Mzazi yeyote aliyewahi kumvalisha mtoto suti ili akaimbe mbele ya wageni anajua jinsi hali hiyo inavyoweza kuisha.

Hasara iliyompata inspekta

Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka Young Frankenstein kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa thamani yake, kama ilivyokuwa imezifanyia za Whale. Mwaka 2025 Guillermo del Toro alitoa Frankenstein yake kupitia Netflix, ya rangi, ya kuhuzunisha, karibu zaidi na Shelley kuliko na Karloff, na bila shaka baadhi ya vijana walioipenda watarudi nyuma kutafuta nyingine. Nani atafaidika na nani ataumia katika kurudi huko ni suala jingine.

Atakayeumia ni Lionel Atwill. Ndiye aliyemwigiza Inspekta Krogh mwaka 1939, mtu aliyeng'olewa mkono na jitu akiwa mtoto, akavikwa wa mbao, ndoto zake za jeshi zikaishia hapo. Ni uigizaji mzuri, wa kujizuia, na kuna tukio anacheza vishale na mwenyeji wake huku akivichomeka vile vya akiba kwenye mkono wake wa mbao, bila kutikisa uso. Mwaka 1974 Kenneth Mars alilichukua tukio hilo zima, vishale, mkono na yote, akaongeza miwani ya jicho moja iliyowekwa juu ya kitambaa kinachofunika jicho bovu. Aliyepitia kwa Mars kwanza hawezi tena kumtazama Krogh kwa uzito anaostahili. Anakaa akingoja mkono ukwame, na Atwill, masikini, hana kosa lolote.